Paka mzee, rovu, na dawa ya kupaka sikioni: kuna aliyeitumia ikamsaidia?

mama_tunu

Habari zenu nyote. Naandika usiku huu kwa sababu Tunu yuko juu ya kabati tangu jioni na hataki kushuka, na anayemkimbia ni mimi.

Tunu ni paka jike wa miaka 15. Nilimpata akiwa bado hajafungua macho vizuri, nikamlea kwa bomba la sindano na maziwa ya kununua. Tangu hapo hakuwahi kuugua ugonjwa wa maana. Mwaka jana alianza kula sana, nami kwa ujinga nikafurahi, nikasema mzee amepata hamu. Anamaliza bakuli, anadai jingine. Saa tisa usiku anazunguka sebuleni akilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Maji anayoyanywa ni mara mbili ya zamani, na mchanga wake wa choo unalowa chapachapa. Ila nikimbeba, vidole vyangu vinaingia katikati ya mbavu. Kutoka kilo 4.6 amefika 3.1.

Daktari wa mifugo alimpapasa koo kwa vidole viwili, akashuka polepole, akasimama mahali. Akauchukua mkono wangu nipapase mwenyewe: kiuvimbe kidogo kama punje ya harage kinachoteleza chini ya ngozi. Rovu, yaani tezi ya koo imevimba. Damu ikathibitisha: T4, homoni ya tezi hiyo, ni 118, na mwisho wa kawaida kwa maabara ile ni 55. Moyo ulikuwa unapiga mara 240 kwa dakika.

Tukaanza vidonge vya methimazoli, miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni. Siku za mwanzo alimeza. Wiki ya pili akaanza kutapika, halafu akakataa kabisa. Namfunga taulo, naminya taya, kidonge kinaingia, mdomo unajaa povu, anakitema. Au anakificha shavuni anatoka nacho. Jana nimeokota vitatu nyuma ya kochi, kwa hiyo sijui hata amemeza vingapi wiki hii. Sasa nikivuta tu ile droo ya dawa, anatoweka. Paka huyu amelala begani kwangu miaka 15, na leo ananiogopa.

Daktari amesema dawa hiyohiyo inaweza kutengenezwa kama jeli ya kupaka upande wa ndani wa sikio. Nataka kuamini lakini inanitatiza. Dawa ya tezi ya koo ipitie sikioni? Inafika kweli kwenye damu? Mnapakaje? Na je, mimi ninayepaka siidhuriki? Nauliza hivyo kwa sababu binti yangu tunaishi naye na ana mimba ya miezi mitano.

---

baba_wa_masharubu

Mama Tunu, pole sana. Hiyo ya vidonge nyuma ya kochi naijua. Kwangu vilikuwa chini ya zulia.

Nimempaka paka wangu jeli hii kwa miaka miwili na miezi minne, asubuhi na jioni, hadi alipofariki akiwa na miaka 18 kwa maradhi mengine. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza hilo la kupenya. Methimazoli ni molekuli ndogo. Mfamasia anaichanganya katika jeli yenye lesithini, ambayo hulegeza mafuta yanayoshikamanisha tabaka la juu la ngozi, dawa ikapata njia hadi kwenye mishipa midogo ya damu. Sikio limechaguliwa kwa sababu upande wa ndani hauna manyoya, ngozi yake ni nyembamba (mulika tochi kwa nyuma, utaona mishipa yote), na paka hawezi kujilamba hapo. Haiendi kwenye koo moja kwa moja. Inaingia katika damu, damu inaifikisha kwenye tezi, na huko inaizuia isitengeneze homoni. Dawa ni ileile ya kidonge, mlango tu ndio tofauti.

Ila mlango huu ni mwembamba, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kidonge kinashusha T4 ndani ya wiki mbili tatu. Jeli inachelewa, na kiasi kinachopenya hakilingani kwa kila paka. Wangu wiki ya nne alikuwa bado juu ya kawaida, nikadhani nimepoteza muda. Daktari akaongeza dozi, wiki ya nane akawa sawa. Kwa upande mwingine, kutapika kulikoma kabisa. Dawa inapopitia kwenye ngozi, matatizo ya tumbo hupungua sana ukilinganisha na kidonge. Hilo mtaliona mapema.

Sasa kupaka. Mimi nilikuwa nikivaa glovu kabla hata ya kufungua dawa. Nachukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, nafuta mabaki ya dozi iliyopita, nakausha. Ukiacha mabaki yakajikusanya, yanaganda kama utando, na dawa mpya inakaa juu ya utando badala ya ngozi. Halafu natoa kipimo, nakiweka kwenye ncha ya kidole chenye glovu, nasugua taratibu kwenye lile jani la sikio, ile sehemu bapa. Si kwenye tundu. Nasugua hadi jeli iishe chini ya kidole, kama dakika moja hivi. Asubuhi sikio la kulia, jioni la kushoto, ili kila ngozi ipate kupumzika. Nilibandika karatasi ukutani yenye herufi K na SH, maana ukiwa na usingizi husahau.

Jambo la pili ni muda wa kufanya. Usimfuate alikojificha. Subiri aje mwenyewe, au mpake wakati ameinamia bakuli. Wangu baada ya mwezi alikuwa akisikia glovu zinavutwa anakuja kuinamisha kichwa, kwa kuwa baada ya sikio kulikuwa na kukunwa kidevu.

La tatu nitalisema kwa kirefu kwa sababu lilinitisha. Jeli hii mfamasia anaitengeneza kwa maagizo ya daktari, na nguvu yake inategemea alivyoichanganya. Yangu ilikuwa miligramu 25 kwa kila mililita, kwa hiyo mililita 0.1 ilibeba miligramu 2.5. Siku moja dawa iliisha mapema, nikatengenezewa mahali pengine. Chupa sawa, rangi sawa, nami nikaendelea na mililita 0.1 kama kawaida. Siku ya tano paka hali, amelegea, amejikunja kama kitambaa. Ndipo nikasoma lebo: miligramu 50 kwa mililita. Nilikuwa nampa maradufu, na hakuna aliyenitamkia mdomoni kwamba nguvu imebadilika. Alipona baada ya daktari kusimamisha dawa kwa muda. Lakini tangu siku ile kila chupa mpya nilikuwa naisoma kwa sauti, namba zote mbili, ya miligramu na ya mililita, kabla ya kuifungua. Naomba na wewe ufanye hivyo.

Na usiiweke kwenye friji kama mfamasia hajakuambia. Aina hii ya jeli ikipata baridi inakuwa majimaji na kujitenga, na hapo huwezi kujua kila tone limebeba dawa kiasi gani.

Kuhusu binti yako nawaachia wenye taaluma, ila asiiguse hata kidogo.

---

msaidizi_kliniki

Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama. Mama Tunu, naanza na binti yako.

Methimazoli inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito asipake, asishike chupa, asiguse masikio ya paka huyo hata saa kadhaa baada ya kupakwa. Dawa hutoka pia kupitia mkojo, kwa hiyo mchanga wa choo asiushughulikie yeye. Kama hakuna budi, avae glovu kisha anawe. Wewe mwenyewe hata ukivaa glovu, nawa kwa sabuni. Ngozi yako ni ngozi pia. Jeli iliyoundwa ipenye kwa paka itapenya na kwako. Vidonge visipondwe kuchanganywa na chakula, kwa sababu unga wake unashikika na kuvutwa puani.

Kama kuna paka mwingine anayemlamba Tunu masikio, watenganishe hadi dawa ikauke.

La pili ni figo. Tezi ikiwa juu, moyo unasukuma damu kwa nguvu na figo zinapitisha damu nyingi kuliko kawaida. Kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, inaonekana nzuri, tena nzuri kuliko ukweli, hasa kwa paka aliyepungukiwa na misuli kama wenu. Tezi ikitulizwa, mbio hizo zinaisha na kipimo kinaonyesha figo zilivyo hasa. Wamiliki wengi wanakuja na hasira: "dawa yenu imemharibu figo." Mara nyingi tatizo lilikuwepo, lilikuwa limefunikwa. Ndiyo maana daktari hupenda kuanza na dozi ndogo na kupanda kidogokidogo. T4 ikishushwa chini mno nayo inaziumiza figo za paka mzee, kwa hiyo lengo huwa nusu ya chini ya kiwango cha kawaida, si sifuri.

Pimeni damu baada ya wiki 3 hivi tangu kuanza, na tena kila dozi inapobadilishwa: T4, figo, ini na hesabu kamili ya chembe za damu. Hii ya mwisho msiiruke kwa sababu tu dawa inapakwa. Jeli imepunguza kutapika. Haijaondoa madhara mengine. Katika miezi 3 ya kwanza, angalia haya: kujikuna uso kwa hasira hadi kutoka vidonda kati ya jicho na sikio, ufizi au ngozi kuwa ya manjano, homa, kutokwa damu bila sababu, kulegea ghafla. Ukiona mojawapo, simamisha na piga simu siku hiyohiyo.

Na je, walimpima shinikizo la damu? Hukutaja. Paka mwenye tezi hii anaweza kupanda shinikizo hadi retina, utando wa nyuma ya jicho, ikabanduka akapofuka usiku mmoja. Mboni zake zikiwa zimetanuka hata kwenye mwanga, usingoje miadi.

---

kiboko_na_simba

Natofautiana kidogo na mliotangulia. Jeli kwetu ilishindwa. Tulifuata kila kitu, glovu, pamba, kubadilisha masikio. Wiki ya sita masikio yote mawili yalikuwa mekundu yenye magamba, paka anatikisa kichwa, na T4 imeshuka kidogo tu. Tulijaribu kubadilisha jeli, ikawa yaleyale.

Tukaenda kwa iodini ya mionzi. Sindano moja chini ya ngozi. Tezi hutumia iodini kutengenezea homoni, kwa hiyo zile chembe zilizozidisha kazi zinaifyonza na kufa nayo; chembe nzima zilizokuwa zimelala kwa sababu homoni imejaa, nyingi husalia. Zaidi ya paka 9 katika 10 hupona kwa sindano hiyo moja. Ugumu ni kwamba lazima akae kituoni kwa siku kadhaa hadi mionzi ipungue (nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8), na akirudi nyumbani kuna muda wa kutombeba sana na wa kutunza choo chake kwa uangalifu. Kwako kwenye mjamzito hilo lingehitaji mpango.

Nalisema kwa sababu hakuna aliyetuambia mapema: methimazoli haiponyi. Inazuia homoni, lakini uvimbe wenyewe unabaki na unaweza kuendelea kukua. Ukiacha kupaka, ndani ya siku chache T4 inapanda tena. Mtu achague jeli akijua ni ya maisha.

---

mama_tunu

Asanteni, nimesoma majibu yenu mara tatu. Kiboko_na_simba, nimemuuliza daktari kuhusu iodini. Anasema angependa kwanza kuona figo za Tunu zinavyofanya tezi ikiwa imetulia, kwa sababu methimazoli inaweza kusimamishwa ikibidi, na iodini ikishafanya kazi hairudishwi nyuma. Nimeelewa. Tunaanza na jeli.

Shinikizo hawakuwa wamepima. Msaidizi_kliniki, nilipolitaja leo walimfunga kile kimkanda kwenye mguu wa mbele, wakapima mara tano mfululizo kwenye chumba chenye utulivu, wakapata wastani wa 172. Amepewa amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo. Hicho ni kidonge tena, lakini ni kidogo sana na ni mara moja kwa siku. Nakizungushia kipande cha chakula laini na hajakigundua. Nisingejua bila nyinyi.

Swali moja kwa baba_wa_masharubu. Jeli leo imeacha weupe sikioni hata baada ya kusugua. Ndiyo sawa?

---

baba_wa_masharubu

Weupe mwembamba ni kawaida, ni jeli yenyewe imekauka, dawa imeshaanza kuingia. Weupe mnene maana yake umeweka nyingi mahali pamoja. Itandaze zaidi, ienee sehemu pana, maana ngozi pana ndiyo inayopitisha. Na ukiona wekundu, piga picha kila siku chini ya taa ileile. Jicho linazoea, ila picha ya juzi haidanganyi.

Kama kuna siku umesahau, usimpake mara mbili kufidia. Endelea na zamu inayofuata.

---

mama_tunu

Nimerudi baada ya wiki 9 kama nilivyoahidi.

Wiki ya tatu T4 ilikuwa 84. Nililia kwenye gari, kusema kweli, ingawa mlishanionya. Daktari akapandisha hadi miligramu 3.75 asubuhi na 2.5 jioni. Nikaisoma lebo mpya kwa sauti kama nilivyofundishwa, na namshukuru aliyenifundisha, kwa sababu kipimo cha mililita kilikuwa kimebadilika na bomba la zamani lingenipoteza.

Juzi T4 imetoka 33. Moyo 190. Chembe za damu ziko sawa, ini liko sawa. Kreatinini imepanda kidogo, imegusa mwisho wa kawaida. Daktari anasema figo zimeanza kuchoka na sasa tunaziona, kwa hiyo dozi haitaongezwa tena na atapimwa mkojo kila anapopimwa damu. Shinikizo 148. Uzito kilo 3.7. Iodini tumeiweka pembeni, angalau kwa sasa.

Sikio la kulia lilipata wekundu wiki ya tano. Kwa ruhusa ya daktari nikapaka la kushoto peke yake kwa siku nne, ukaondoka.

Binti yangu hagusi chochote. Tumekubaliana Tunu asiingie chumbani kwake, na mimi ndiye ninayesafisha choo. Mtoto anatarajiwa baada ya wiki saba, na nimeshamuuliza daktari wake kuhusu kunyonyesha: utaratibu unabaki uleule, glovu na kunawa, na yeye asiguse.

Usiku halii tena. Siku kumi za kwanza za jeli alikuwa bado anakimbilia kabatini nikigusa droo, kwa hiyo nikahamishia dawa kwenye rafu ya vitabu, mahali ambapo hakuwahi kupakumbuka kwa ubaya. Nikawa nakaa tu sakafuni na glovu mkononi, naongea naye, wakati mwingine nusu saa. Siku ya kumi na moja alishuka mwenyewe. Alinusa glovu, akageuka akaondoka, akarudi, akalala kwenye paja langu, nikapaka.

Hivi naandika amelala begani, pua yake ikinipulizia shingoni. Daktari anataka kumwona tena baada ya miezi mitatu. Zamu ya jioni hii ni sikio la kushoto.